Shindano si jina la dawa

Swali la leo limetoka Goma, kwa dada mmoja anayefanya kazi ya reko, yani mjumbe wa afya wa mtaani, mtaa wa Ndosho, nalileta karibu vile alivyoliandika:

"Jambo sana mwalimu. Shemeji yangu wa Lubumbashi ni dereva wa roli, anapitaka Kasumbalesa pale mpakani, ni yeye ametuletea habari kwamba kule Zambia sasa iko chanjo ya sida, shindano mara mbili kwa mwaka na basi. Mimi kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, na watu wameanza kuniuliza hiyo chanjo itafika kwetu lini. Sasa niseme aje, chanjo ya sida, chanjo dhidi ya sida, ao shindano ya sida? Sitaki kukosea mbele ya watu."

Dada, asanti sana, na kabla ya kufika kwenye "ya" na "dhidi ya" nikuambie moja: hiyo si chanjo. Chanjo ya sida, yani ukimwi, haijapatikana mpaka leo. Walijaribu na wanaendelea kujaribu, jaribio kubwa la Afrika Kusini lilisimamishwa mwaka 2020 juu waliochanjwa na wasiochanjwa walikuwa wanaambukizwa karibu sawasawa. Kile shemeji alisikia ni dawa, inaitwa lenakapaviri, na ni kweli dozi za kwanza zilifika Zambia na Eswatini mwezi wa 11 mwaka 2025. Ni dawa ya kufurahia, mimi siipunguzii kitu: kwenye jaribio la Afrika Kusini na Uganda ambalo matokeo yake yalitoka 2024, wasichana na wanawake 2134 waliipata na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa virusi, hata mmoja. Lakini ni dawa. Wanaiweka chini ya ngozi ya tumbo, inakaa pale inatoka polepole miezi 6, na ikiisha, kinga nayo imeisha, usiporudi unabaki kama siku haujaanza. Mwili haujajifunza chochote. Chanjo yenyewe haikai, inapita, lakini inaacha mwili umeshafundishwa adui anafanana aje, ili siku akibisha hodi akute watu wako macho.

Sasa shemeji, mtu mzima mwenye akili zake, kwa nini akaiita chanjo? Juu inaingia kwa shindano. Hakuna sababu nyingine. Na hapo dada umegusa pale panaponiuma toka miaka mingi, utanivumilia leo.

Siongelei sh na s. Najua Dar es Salaam shindano ni watu kushindana na sindano ndiyo chuma ya kutobolea, sisi huku chuma ni shindano, na mtu wa Kadutu akianza kusema sindano sokoni watamuuliza ametoka safari gani. Kila mtu na mdomo wake, hiyo naiacha. Ninachokataa ni kuita dawa kwa jina la chuma inayoipitisha. Shindano ya malaria. Shindano ya Ebola. Shindano ya watoto. Shindano ya nguvu. Viazi vinashuka kutoka Kibumba juu ya chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili la kusukuma, kila asubuhi, na hakuna mama hata mmoja kwenye soko ya Virunga anakuita "njoo ununue chukudu." Anauza viazi. Chukudu ni ya kuvileta tu, na kesho ileile chukudu itabeba makala ao mbao. Shindano ni chukudu. Uniambie imebeba nini.

Tuchukue hiyo "shindano ya malaria" tuipasue mpaka mwisho. Toka zamani mama wa huku akisema mtoto wake amepigwa shindano ya malaria, tulielewa: mtoto alikuwa amezidiwa, anatapika, hawezi kumeza vidonge, wakampiga kinini, na miaka hii ya karibu atesunati. Shindano ya mgonjwa, ya kumtoa kwenye hatari. Haya, tarehe 31 mwezi wa 10 mwaka 2024 Kongo yetu ikaanza kuwapa watoto wadogo chanjo ya malaria, ile ya R21, wakaanzia Kongo Central, na mtoto anatakiwa kuipata mara 4. Hiyo ni ya mtoto mzima, anacheka, hana homa. Sasa weka vyote viwili ndani ya jina moja halafu uende kutangaza mtaani kwamba "watoto waletwe kwa shindano ya malaria." Mama wa kwanza anasema wa kwangu alishapata mwezi uliopita, kumbe alipata atesunati. Mama wa pili anasema wa kwangu hagonjwi, mtamtobolea nini bure? Wote wawili wanabaki nyumbani, na wote wawili wamesikia Kiswahili vizuri kabisa, kosa ni la aliyetangaza. Halafu iko mama wa tatu, ndiye ananiogopesha zaidi: mtoto wake alipata chanjo kweli, sasa amewaka homa usiku, na mama anakaa na yeye mpaka asubuhi akisema haiwezi kuwa malaria, si alishapata shindano yake? Na chanjo ya malaria inapunguza ugonjwa, haiuzuii wote, mtoto akiwa na homa anapimwa tu, amechanjwa ao hajachanjwa. Jina moja, na watoto watatu wanaharibikiwa kila mmoja kwa njia yake.

Na sisemi mambo ya kuwaza tu. Hapa Bukavu nilimpeleka mjukuu wangu siku ya kupimisha watoto kilo, santre ya afya siitaji. Mbele yangu alikuwa mama kijana na binti wa miezi 10 mgongoni, karte iko ndani ya kitenge imekunjwa mara nne. Munganga alikuwa amechoka, mstari mrefu, akauliza bila kuinua kichwa: "Huyu alishapigwa shindano?" Mama akajibu ndiyo, juma lililopita. Munganga akasema sawa, pita kwenye mizani. Mimi nikauliza, mama samahani, ile shindano ya juma lililopita ilikuwa ya nini? "Ya homa, baba. Alikuwa anakohoa sana, wakamtobola siku tatu." Tukafungua karte pale pale juu ya benchi, mstari wa surua mweupe, hakuna tarehe, hakuna kitu. Chanjo ya surua inatolewa kwa miezi 9. Huyo mtoto angerudi nyumbani hivyo, na mama akiamini ndani ya roho kwamba amefanya kazi yake, na munganga naye akiamini. Hakuna aliyedanganya! Mmoja aliuliza chuma, mwingine akajibu chuma. Kama angeuliza "alishachanjwa surua?" mama angesema hapana. Niliongea kwa sauti siku ile kuliko inavyofaa mzee kuongea mbele ya watoto, na mtoto akachanjwa, lakini toka siku ile mtu akisema shindano mbele yangu namuuliza ya nini, hata kama ni kwenye msiba.

Mkumbuke pia Beni na Butembo, Ebola ya toka mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, watu 3470 waligonjwa na 2287 walikufa. Pale vitu viwili vipya vilikuja pamoja. Kimoja chanjo, ile ya Ervebo, ya watu wasiogonjwa waliomkaribia mgonjwa na wale waliowakaribia hao, watu zaidi ya 300000 waliipata. Cha pili dawa ya kutibu, kingamwili, yani vile vilinzi ambavyo mwili wenyewe unatengeneza, ila hivi vimetengenezwa nje halafu mgonjwa anatundikiwa serumu. Moja ya hizo ilianzia kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, kazi ya professa Muyembe na wenzake, na jaribio lilifanyika kwetu kabisa, wagonjwa 681, dawa nne: kwenye zile dawa mbili nzuri alikufa karibu mtu mmoja kwa watatu, kwenye zile zingine mbili karibu nusu. Ni jambo la heshima kubwa kwa hii nchi. Lakini mtaani vyote viliitwa aje? Shindano ya Ebola. Sasa jiweke kwenye miguu ya baba wa Katwa, kule Butembo: jirani ameingia kituo cha kutibia Ebola, amepigwa shindano ya Ebola, amekufa. Kesho yake watu wanagonga kwake, yeye hagonjwi hata kichwa, wanamwambia kunja shati, tumekuletea shindano ya Ebola. Mimi ningekimbia. Wewe pia.

Na upande wa pili wa kosa hilihili ni chanjo ambazo hazina shindano hata kidogo. Ya kolera inanywewa, kichupa kidogo cha plastiki, unakata kichwa unamimina mdomoni. Ya polio, ile ya kampeni, ni matone. Goma niliona kijana amekunja mkono wa shati mpaka begani, amesimama vizuri, wakampa kichupa anywe, akakirudisha! Anadai yake, ile ya kweli, ya shindano, anasema hii ya kunywa ni ya kudanganya maskini. Walimbembeleza pale muda mrefu. Nani alimfundisha kwamba kinga lazima iume? Ni sisi, na lile neno.

Najua iko mtu atanirudishia: mwalimu, hata chanjo yenyewe ni jina la kisu. Ni kweli. Kuchanja ni kupasua, kuchanja kuni, na kuchanja ngozi vile wazee walichanja chale wakapaka dawa, hata ya kuzuia sumu ya nyoka. Waliposhindana na ndui walikwaruza ngozi ya bega, wazee wetu wengi bado wako na lile kovu, na ndui ikaisha duniani, ilitangazwa 1980. Hata leo kwenye mpox, ile chanjo ambayo Japani ilikubali kutoa kwa Kongo inachomwa kwa kichuma chenye meno mawili, kama zamani. Lakini angalia lile neno lilivyosafiri: likaacha wembe nyuma, likashika kazi. Leo unasema chanjo ya matone, chanjo ya kunywa, na hakuna sikio linalouma. Kiswahili kilihangaika miaka mingi kulitoa neno kwenye chuma, sasa sisi tunalirudisha kwenye chuma kwa sababu gani? Na wanaosema vaksini, waseme, vaksini inataja kazi, sina ugomvi nao.

Kuhusu "ya" na "dhidi ya", hapo dada usijitese. "Ya" ya Kiswahili inabeba mizigo mingi na watu wanaielewa bila kufundishwa. Dawa ya mbu inaua mbu, dawa ya meno haiui meno, na sijaona mtu aliyekosea kati ya hizo mbili. "Dhidi ya" ni nzuri kwenye karatasi ya ukutani, mlangoni kwa mtu inasikika kama unasoma tangazo la serikali. Sema "ya."

Kwa hiyo lenakapaviri iite dawa kinga. Tanzania wanasema hivyo kwa vidonge vya kumkinga mtu asiye na virusi asiambukizwe, na neno limekaa vizuri. Kukinga unakujua, ni kile unachofanya na mwavuli, mvua inapiga juu yake na wewe uko mkavu, ila ukiufunga unaloa saa ileile. Chanjo nayo inaleta kinga, ni kweli, lakini kinga ya chanjo inabaki ndani ya mwili wako, na ya dawa kinga inakaa ndani ya dawa. Na chunga usiseme dawa ya sida peke yake, juu watadhani ni ya wale walio na virusi tayari, na hao wako na dawa zao za kila siku ambazo hawatakiwi kuziacha hata kidogo wakingoja hii. Dawa hii hata kwenye kutibu inatumika, kwa wachache ambao virusi vyao vimezoea dawa zingine, tena wakichanganyiwa na zingine, lakini hiyo si ile watu wa Ndosho wanakuuliza.

Mlangoni sema hivi: "Mama, si chanjo. Ni dawa kinga ya virusi vya sida. Unapimwa kwanza, ukiwa hauna virusi wanakuwekea chini ya ngozi ya tumbo, na kila miezi 6 unarudi." Akikuuliza kama ni shindano, mwambie ndiyo, inapita kwa shindano, halafu umrudilie tena ile ya miezi 6. Na shemeji unisalimie yeye, habari aliyobeba toka Kasumbalesa ilikuwa ya kweli, ni jina tu lilichanganyika njiani.