Spea za Bedford ya mbao: ipi ya kiwandani, ipi ya fundi wa hapa, na ipi iende kwenye mzani

Ndugu aliyefungua uzi ameuliza hivi: lipo basi kuukuu la mbao, Bedford, limelala shamba Kaskazini Unguja. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshataja bei ya kilo, na kuna mtu wa Uingereza anataka spea orijino. Atazitambuaje, na aombe kiasi gani?

Sheikh, kabla hujashika spana jua kwamba gari hizi zina asili mbili. Chesi, injini, giaboksi, difu na uso wa mbele vilitoka Vauxhall, kampuni yenye chapa ya Bedford, huko Luton na Dunstable, Uingereza. Bodi, mabenchi, paa na keria vilijengwa hapa hapa na maseremala. Mteja wa Uingereza anataka fungu la kwanza. Fungu la pili haliingii kwenye Bedford yake hata kidogo, lakini halina jengine la kufanana nalo duniani, na wengi wanalichoma kuni. Usiyapime mafungu haya mawili kwa mizani moja.

Sasa jua una Bedford gani, maana bei yote imekalia hapo. Pua nyembamba ya mviringo, na taa kubwa zimesimama peke yake nje ya bodi: hiyo ni ya ukoo wa O, ndugu wa basi la OB lililoanza kutengenezwa 1939, likasita wakati wa vita, likarudi 1945 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Injini yake ni petroli, silinda 6, cc 3,519. OB nyingi zimehifadhiwa Uingereza na bado zinatembea kwenye maonesho, kwa hiyo uso, vioo, saa za dashibodi na kabureta za ukoo huu zina wateja, hata zikitoka kwenye lori. Ikiwa uso ni mpana na taa zimezama ndani ya bodi, hiyo mara nyingi ni J, iliyotoka 1958. J ilipelekwa nchi nyingi, na India na Pakistan ziliendelea kuziunganisha kwao. Pakistan mpaka leo Bedford hizo bado zinatembea barabarani, na spea zake mpya zinachongwa huko. Ndiyo maana pampu ya maji au bushi za J hazikupi kitu cha maana, wakati kile kile cha O kinaweza kupiganiwa.

Injini usiiamini kwa macho. Nyingi zilibadilishwa zamani. Namba 214, 300 au 330 unazosikia kwa mafundi wa Bedford ni ukubwa kwa inchi za ujazo: lita 3.5, 4.9 na 5.4. Ukikuta Perkins P6 kwenye O usiitupe kwa kuwa "si yake". Watu walikuwa wakizifunga wakati huo huo ili wahamie dizeli, na ina wateja wake mpaka kwa wenye matrekta. Ukikuta Isuzu au Toyota, hiyo iuze kwa fundi wa hapa kama injini ya kazi. Mteja wa vitu vya kale haimhusu.

Utambuzi wenyewe anza na spana. Gari za Uingereza za kizamani hufungwa kwa inchi. Boliti nene ya 5/16 yenye nyuzi za UNF (nyuzi laini za inchi) hushika spana ya 1/2, na ya 3/8 hushika 9/16. Za zamani zaidi huwa Whitworth au BSF, vipimo vya kale vya Kiingereza, na hapo spana ya kawaida ya inchi haikai sawa. Ukiona 10, 12, 14 au 17 milimita inakaa bila kucheza, kifaa hicho au boliti yake imeletwa baadaye. Halafu tazama parafujo. Mfereji wake ukiwa umejaa rangi iliyokauka tabaka juu ya tabaka, haujaguswa na bisibisi miaka mingi. Mfereji unaong'aa au kingo zilizoliwa, jua mtu alishapita. Na ukikuta parafujo ya kichwa cha nyota kwenye kitu unachoambiwa ni cha 1948, uliza maswali.

Baada ya hapo, tafuta namba. Zile zilizotokeza kwenye chuma ni namba za kalibu, yaani za ukungu uliomiminiwa chuma. Mara nyingi hazilingani na namba ya spea kwenye kitabu, kwa hiyo mpelekee mteja picha, usimsomee kwa simu. Dainamo na selfu za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa gari, zina aina, namba na tarehe zilizogongwa kwenye mwili: mfano 6 na 62 ni mwezi au wiki, kisha mwaka 1962. Tarehe hiyo ikitangulia gari kwa miezi michache, ni yake ya kuzaliwa nayo. Ikiwa mbele kwa miaka kumi, ni Lucas halali lakini ilifungwa baadaye. Iliyoandikwa Lucas-TVS ni ya India: nzuri kwa kazi, bei yake nyengine. Kioo cha Triplex nacho kina nembo ndogo pembeni yenye nukta chini ya herufi. Nukta hiyo huonesha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Kioo bila nukta wala nembo huenda kilikatwa mjini.

Chuma chenyewe pia kinasema. Chukua sumaku. Fremu ya taa ya zamani yenye kromu mara nyingi ni shaba ya njano, sumaku haishiki, na kromu ikichubuka unaona njano. Ikishika, ni bati. Ikiwa haishiki lakini imevimba vipele-vipele na ni ya kijivu ndani, hiyo ni aloi ya zinki. Haichomeleki wala haing'arishiki vizuri, ipunguzie bei kabisa.

Kasoro yetu ya visiwani ni chumvi na maji ya kisima. Juu ni hewa ya bahari, chini ni maji ya mawe ya chokaa yaliyotiwa kwenye rejeta miaka nenda miaka rudi. Fungua kifuniko cha thermostati: kama ni alumini utakuta imeliwa mdomoni. Rejeta ikiwa imeoza katikati usiivunje kwa ajili ya shaba. Tangi la juu na la chini yakiwa mazima, fundi rejeta wa Uingereza hutia sehemu mpya ya katikati, na jozi hiyo humpa mwenye mali zaidi ya mzani.

Kufungua: piga picha kila upande kwanza, kisha namba, kisha ndipo ufungue. Usikubali gari ikatwe kwa moto kabla kibati cha chesi, kile chenye namba ya gari, hakijatoka. Loweka nati kwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi otomatiki, ziache zilale usiku, asubuhi gonga kidogo ndipo uzungushe. Nati za magurudumu ya kushoto kwenye lori za Uingereza mara nyingi hufunguka kinyume. Wengi huzikata wakidhani zimeganda. Kila kitu kitiwe kwenye mfuko wake na kuandikwa kushoto au kulia kwa kukaa kwenye usukani. Na tafadhali, grainda isiguse sehemu yenye namba. Brashi ya nailoni na mafuta ya taa yanatosha. Uso wa saa ya spidi usiufute hata kwa kitambaa kibichi, maandishi yanaondoka na bei inaondoka nayo.

Bei sasa. Sakafu ni kilo: pima kila kifaa, zidisha kwa bei ya chuma au shaba ya siku hiyo. Dari ni bei ambayo kitu kama hicho *kimeuzwa* mtandaoni. Ile iliyoombwa tu na muuzaji mwenye ndoto haihesabiki. Kutoka kwenye dari toa usafiri, ada ya mtandao na ufungaji. Tuseme saa ya spidi iliyo nzima imeuzwa pauni 80 huko kwao: toa 30 ya posta na 12 ya ada na sanduku, imebaki 38, na yako ikiwa na kioo kilichopasuka omba 25 au uongeze maelezo. Hesabu hiyo hiyo kwenye silinda hedi inakufa mara moja, kwa sababu posta inazidi bei. Ndiyo maana hapa kwetu vinavyolipa ni vidogo na vyepesi: saa, taa, swichi, beji, vitasa, kabureta, kifuniko cha rejeta. Taa mbili za jozi ziuze pamoja. Moja moja utabaki na ya pili mpaka ioze.

Bodi la mbao halina dari ya mtandaoni. Angalia kibao cha njia, maandishi ya mchoraji na idadi ya abiria iliyoandikwa ubavuni. Kwangua kidogo pembeni kwa wembe: rangi nyingi chini kwa chini ni ushahidi wa umri, rangi moja juu ya mbao nyeupe ni ubao wa juzi. Piga mbao kwa ncha ya bisibisi; ikizama, mchwa wameshakula. Mbao za kupeleka nje zitadaiwa cheti cha afya ya mimea na kufukizwa dawa, kwa hiyo mteja wa kwanza awe wa hapa: hoteli, mkahawa, au mwenye gari kama hiyo anayejenga upya. Na ikiwa kibati cha chesi, kadi ya gari na bodi vyote vipo, mimi nisingeivunja; nzima ina mteja mmoja, lakini huyo mmoja hulipa.

Weka hapa picha tatu: uso wa mbele, kibati cha chesi, na dashibodi kabla hujafuta vumbi. Mnunuzi wa kilo mwambie asubiri mpaka wiki ijayo.