Nyanya za kitalu nyumba zinarefuka, vichala viko mbalimbali: pima pingili kwanza

Mkuu, umesema nyanya zako zimefika kifuani, kichala cha kwanza kiko usawa wa kiuno, na unataka kuzikata vichwa zisiendelee kupanda. Tafadhali usikate bado.

Mbegu ni ipi? Anna F1 na Money Maker ni nyanya ndefu, hazikomi kupanda, na kwa kawaida hutoa kichala kila baada ya majani matatu. Cal J na Rio Grande ni fupi, zikifika kimo chake basi. Kama zako ni ndefu, hesabu majani kati ya kichala na kichala. Ukikuta matatu, mpangilio wa mmea ni mzima. Mpangilio huo unatoka kwenye mbegu. Kilichoharibika ni urefu wa pingili, yaani kipande cha shina kati ya jani na jani, na huo unatoka kwenye mazingira uliyoupa mmea.

Chukua rula upime jani hadi jani, ukianzia chini. Pingili ikishakomaa hairefuki wala haifupiki, kwa hiyo shina linakutunzia historia yote. Huku kwangu Iringa nina shina lenye pingili fupi nene chini, halafu nne ndefu zilizopauka, kisha zinafupika tena. Zile nne zilikua wakati wa mawingu mazito ya masika.

Kivuli ndicho mchawi mkubwa. Majani hunyonya mwanga mwekundu na kupitisha ule mwekundu wa mbali (far-red). Mmea ukizidiwa na huo wa pili unajua una jirani, unakimbilia juu. Mimi naacha sentimita 60 kati ya shina na shina, vichipukizi vya kwapani naviondoa vikiwa bado vidogo, na nailoni ya juu naiosha vumbi.

Halafu joto. Nyanda za juu mchana ndani kunachemka, usiku baridi. Miaka ya 1980 John Erwin na Royal Heins wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walionyesha kwenye maua ya lili kwamba kadiri mchana unavyouzidi usiku kwa joto, ndivyo pingili zinavyorefuka. Nyanya nazo ni hivyohivyo. Fungua pembeni mapema asubuhi, usisubiri jua liwe kali. Mbolea ya urea nayo punguza.

Zilizokwisha kurefuka hutazifupisha. Legeza kamba, laza shina taratibu, kichwa kibaki kimeelekea juu. Fanya hivyo alasiri, maana asubuhi shina limejaa maji na linakatika kirahisi. Ukikata kichwa sasa, umefuta vichala vyote ambavyo vingefuata juu yake.

Miche ya msimu ujao ikirefuka kitaluni, fukia shina hadi karibu na majani ya juu, litaota mizizi humo udongoni. Iliyobebeshwa tu, yaani iliyounganishwa kwenye shina la mche mwingine, ndiyo usiifukie pale kwenye kiungo.

Tupia picha ya pingili za katikati, rula ikiwa pembeni, na useme mistari umeiachia nafasi gani.