Hofu ya Fizikia au hofu ya baba?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama wanafunzi wetu husitasita kuchagua fani kwa sababu ya kukosa taarifa. Nimekuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya sekondari kwa miaka tisa, na ninaamini kwamba taarifa ni sehemu ndogo tu ya tatizo: kijana wetu hajafundishwa kuzitambua hisia zake pale anapotakiwa kuamua.

Mwaka 2024, hapa Tanzania, tahasusi za kidato cha tano, yaani michepuo ya masomo anayochagua mwanafunzi, ziliongezwa kutoka 16 hadi 65. Nilifurahi, lakini darasani kwangu wingi huo uliwaduwaza wengi. Binti mmoja wa kidato cha nne aliandika PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwa penseli, akafuta, akaandika HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), akafuta tena, hadi karatasi ikatoboka pale pale. Nilipomuuliza anaogopa nini, alijibu kwamba anaogopa Fizikia. Tulizungumza taratibu, nikamfungulia daftari la alama, na ikadhihirika kwamba Fizikia alikuwa akiifaulu vizuri. Alichokiogopa hasa ni uso wa baba yake siku atakapomwambia kwamba hataki udaktari.

Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer, katika makala yao ya mwaka 1990, waliieleza akili ya hisia kuwa ni uwezo wa kufuatilia hisia zako na za wenzako, kuzipambanua, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo. Neno ninalolishikilia hapo ni kupambanua. Mwanasaikolojia Albert Bandura alikwisha kuonyesha mwaka 1977 kwamba mtu hupima uwezo wake hata kwa hali ya mwili wake, kiasi kwamba moyo ukimwenda mbio huhitimisha kuwa jambo lile halimudu. Ndivyo binti yule alivyoichukua hofu ya nyumbani akaibandika kwenye somo.

Siku hizi, kabla ya kugawa fomu, humwomba kila mwanafunzi aandike anachotaka kusoma, mwili wake unafanyaje anapokifikiria, na ni uso wa nani unaomjia. Swali la mwisho ndilo linalochukua muda mrefu kujibiwa.

Baba wa binti alifika Ijumaa iliyofuata, akaketi kwenye dawati la mwanafunzi. Binti alimwamkia, kisha akasema, "Baba, naogopa kukuvunja moyo, lakini nataka kusoma HGL." Mzee alinyamaza kitambo, halafu akaomba aonyeshwe ile fomu.