Presha ya jicho na tundu la Mjerumani

SUALI: Assalamu alaykum. Mama yangu, miaka 61, kaambiwa na daktari ana presha ya jicho, pembe ya ndani imefumba, na atobolewe tundu kwa leza. Jirani anasema hiyo ni operesheni ya Mjerumani wa zamani. Ni kweli? Na si bora asubiri mtoto wa jicho akomae, vishughulikiwe pamoja? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Wa alaykum salaam. Jirani kasema kweli. Mjerumani huyo ni Albrecht von Graefe, mzaliwa wa Berlin, 1828. Alikuwa miongoni mwa madaktari wa mwanzo kukitumia kioo cha kuangalia ndani ya jicho alichokitoa Hermann von Helmholtz mwaka 1851. Kwa kioo hicho alikiona kichwa cha neva ya jicho cha wenye glakoma, yaani maradhi ya presha ya jicho. Mwanzo alidhani kimevimba. Baadaye akajisahihisha, kumbe kimebonyea. Mwaka 1857 akatangaza tiba: kukata kipande cha irisi, ile duara ya rangi inayozunguka mboni. Dawa ya kutia ganzi jicho ilikuwa bado. Ilikuja 1884, naye alikwishafariki 1870 kwa kifua kikuu, umri miaka 42.

Kwa nini tundu hilo la kwenye irisi linasaidia? Maji ya jicho hutengenezwa nyuma ya irisi, hupita kwenye mboni, kisha hutokea kwenye pembe ambapo irisi inakutana na konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Pembe hiyo haionekani kwa nje. Kwa umri lenzi, ile iliyo nyuma ya mboni na ndiyo inayopata mtoto wa jicho, hunenepa, maji yakapata tabu kupita kwenye mboni, yakarundikana nyuma na kuisukuma irisi mbele hadi ikaziba pembe. Tundu huyapa maji njia nyengine, irisi ikarudi nyuma. Kwa glakoma ambayo pembe yake iko wazi, tundu halifai kitu.

Siku hizi hakuna kisu. Mama atatiwa tone la kubana mboni na la ganzi, atawekewa lenzi ya kutazamia juu ya jicho, na leza itatoboa tundu lisilofika nusu milimita. Ni kazi ya dakika chache. Ataona ukungu kwa saa kadhaa. Asiondoke kabla ya kupimwa tena, kwani presha huweza kupanda baada ya leza.

Kusubiri ndiko tunakokukataa kabisa. Mtoto wa jicho anapokomaa lenzi huvimba, pembe ikazidi kubanwa. Na uoni ulioondoka kwa mtoto wa jicho hurudi lenzi ikibadilishwa. Ulioondoka kwa presha haurudi. Daktari akiamua kuitoa lenzi mapema, hiyo nayo ni tiba ya pembe.

Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Pembe ikiziba ghafla huweza kupita 40: jicho jekundu linauma, kichwa kinagonga, taa inazungukwa na duara za rangi, na mgonjwa anatapika. Kutapika huko ndiko kunakowapoteza watu, wakatibu tumbo usiku kucha. Apelekwe hospitali usiku huo huo. Kabla ya tundu, asinywe vidonge vya mafua bila kumuuliza daktari. Baadhi hutanua mboni na kuanzisha shambulio.

Jicho la pili litobolewe pia hata kama haliumi, na wewe na ndugu zake mama mkapimwe pembe.