Muulize Afande: Clinton aliipiga Khartoum ili kumfunika Monica?

SWALI: Shikamoo Afande. Shuleni tulikuwa na mdahalo kuhusu Rais Clinton wa Marekani. Upande wetu ulidai kwamba mwaka 1998 alirusha makombora Sudan na Afghanistan ili watu wasahau kashfa yake na Monica Lewinsky, binti aliyewahi kufanya kazi Ikulu ya Marekani. Tulishinda kwa kura, lakini mwalimu akacheka, akasema tumeshinda kwa kelele. Wewe ulikuwa jeshini wakati ule. Unasemaje? – *Mwanafunzi, Kibuli*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Acha mwalimu acheke, ila nanyi hamkubuni, maana tarehe zenyewe zinatia shaka. Agosti 7 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao. Dar es Salaam 11. Agosti 17 Clinton akahojiwa kwa kiapo juu ya Monica, na usiku uleule akakiri kwenye televisheni kwamba alikuwa na uhusiano usiofaa naye. Agosti 20, makombora. Siku tatu tu! Hata huko kwao, Seneta Dan Coats alihoji mara moja kama hapana mkono wa kashfa.

Lakini je, mlijiuliza ni nani aliyeichagua hiyo tarehe 20? Majasusi walikuwa wamepata habari kwamba Osama bin Laden, ambaye Marekani ilisema ndiye aliyepanga kulipua balozi zile, angekutana na watu wake siku hiyo kwenye kambi karibu na Khost, Afghanistan. Siku ya kulipua balozi waliichagua wao, na siku ya mkutano vilevile. Waziri wa Ulinzi, William Cohen, alikuwa wa chama cha Republican, chama cha wapinzani wa rais. Newt Gingrich, Spika wa Baraza la Wawakilishi, aliyekuwa akimwandama Clinton kuliko wote, naye aliunga mkono shambulio hilo.

Sasa geuza upande wa pili. Tuseme Clinton angewaambia makamanda wake, "Hapana, tungoje, watu watasema ni Monica." Hapo ni nani angekuwa ameamua? Monica yuleyule. Kiongozi anayezuia risasi kwa kuogopa maneno ya watu amefanya siasa sawasawa na yule anayeifyatua ili kuyazima. Hilo ndilo ningelisema kwenye mdahalo wenu, na sidhani kama mngeshinda.

Mimi ugomvi wangu na Clinton uko kwingine: Khartoum. Makombora yale yalibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa. Wamarekani walisema udongo uliochotwa karibu nacho ulikuwa na kemikali ya kutengenezea gesi ya sumu, na kwamba kiwanda kilihusiana na bin Laden. Ushahidi huo ulipochunguzwa ulilegea, na mwaka 1999 Marekani ikaziachia fedha za mwenye kiwanda ilizokuwa imezizuia. Kilichotengenezwa pale kilikuwa pamoja na dawa za malaria na za mifugo. Hapo ndipo pa kumbana Clinton, na kalenda ya Monica haihitajiki.

Nakuambia hivi nikijua sisi wenyewe tulivyoipokea habari. Nilikuwa fundi wa redio za jeshi huko Gulu. Uganda ilikuwa imevunja uhusiano na Khartoum tangu 1995, na sote tulijua silaha za mwasi Joseph Kony zilikotoka. Redio iliposema Khartoum imepigwa, koplo mmoja alichukua mestini yake akaigonga kwa kijiko, wengine wakaanza kuimba. Hakuna aliyeuliza kiwanda kilikuwa cha nini. Mtu akipigiwa adui yake haulizi stakabadhi.

Desemba mambo yakajirudia. Richard Butler, mkuu wa wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, alitoa ripoti kwamba Iraq haishirikiani nao, na Desemba 16 ndege na makombora vikaanza kuipiga Iraq. Kesho yake Baraza la Wawakilishi lilitakiwa kuanza kujadili kumshtaki Clinton kwa kashfa ileile! Yeye alisema hakutaka kuanzisha vita ndani ya Ramadhani, na kweli mwezi ulikuwa siku chache tu mbele. Safari hii Trent Lott, kiongozi wa Republican katika Seneti, alikataa kumuunga mkono. Kama ilikuwa mbinu ya kujisitiri, shuka lilikuwa fupi: mjadala uliahirishwa kwa siku moja, na Desemba 19, siku mashambulizi yanamalizika, wakapiga kura ya kumshtaki. Seneti ilimwachia Februari 1999.

Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 huko Marekani iliwahoji washauri wa Clinton na haikuona sababu ya kutilia shaka kauli yao kwamba kashfa haikuamua shambulio la Agosti. Ila iliongeza jambo zito: zile shutuma, pamoja na udhaifu wa ushahidi wa Al-Shifa, huenda zilichangia kuufanya mkono wa Marekani uwe mzito baadaye, kila habari za bin Laden zilipoletwa. Sandy Berger, mshauri wa usalama wa Clinton, alikana kwamba alijisikia kubanwa. Mimi nimekaa na makamanda wengi, na ninaiamini tume kuliko Berger.

SWALI: Afande, makombora ya Afghanistan yalipitaje juu ya Pakistan bila Pakistan kujibu? – *Msomaji, Arua*

JIBU: Kwa chakula cha jioni. Yalirushwa kutoka manowari baharini, na hofu ilikuwa kwamba Pakistan ingedhani ni India, maana nchi hizo mbili zilikuwa zimejaribu mabomu ya nyuklia Mei ya mwaka uleule. Kwa hiyo Jenerali Joseph Ralston alitumwa Islamabad kula na mkuu wa jeshi la Pakistan, Jenerali Jehangir Karamat, na makombora yakiwa njiani ndipo alipomwambia ni ya nani. Bin Laden hawakumpata.