Jibu: Paneli za Tanga na joto la jangwani
Mkuu, umeuliza kama paneli zako za sola zingetoa umeme mwingi zaidi jangwani kuliko hapo Tanga. Zingetoa, maana kule mawingu ni machache, ila joto na vumbi hula sehemu ya faida. Kila nyuzijoto 1 juu ya 25, seli za paneli hupoteza takriban asilimia 0.35 ya umeme wake, zikifika 65, asilimia 14 imeondoka. Kwa hiyo usizilaze juu ya bati: acha upenyo wa sentimita 15, hewa ipite. Bolti ziwe za stenlesi, tafadhali sana, chumvi ya pwani haina huruma.

Paneli ya wati 400 hutoa kama uniti 1.6 kwa siku. Zidisha kwa bei yako ya LUKU (umeme wa kulipia kabla). Ukiwa tarifa nafuu, chini ya uniti 75 kwa mwezi, hela itachelewa mno kurudi, hasa ukiongeza betri.