Maswali ya wasomaji: Kuku wanaisha usiku, nitege mtego wa chuma?

SWALI: Habari ya kazi daktari. Mimi niko Busia huku upande wa Uganda, nafuga kuku wa kienyeji, sasa kuna kitu inakuja usiku inanimalizia kuku, juzi nimeamka nakuta wanne wamelala chini shingo zimetafunwa na mmoja hayupo kabisa. Kijana wangu akanionyesha vidio YouTube ya mzungu wa Marekani anatega mbweha na mtego wa chuma, anaufukia chini, anachimba kashimo anatia nyama, asubuhi mbweha kashikwa mguu. Hapa mjini kuna fundi chuma anasema ananitengenezea kama huo. Nitege wapi na chambo nitie gani? (Baba Kuku, Busia)

JIBU: Pole sana Baba Kuku, kuku watano usiku mmoja hiyo si mchezo, hiyo ni karo ya mtoto imeondoka.

Hiyo vidio si uongo, ule mtego unafanya kazi kwao. Wanachimba shimo dogo la mshazari, refu kama kiganja cha mkono hivi, chambo kinaenda mwisho kabisa, alafu mtego unakaa mbele ya shimo umefunikwa na udongo uliochekechwa ili jiwe lisiingie kwa meno yake. Mbweha akipita anadhani mwenzake kaficha chakula pale, anakuja kunusa, anakanyaga. Na mzungu wako umeona kavaa glavu, si ndio? Ni sababu mbweha akisikia harufu ya mtu anazunguka anaenda zake, kwa hiyo mitego yenyewe wanaichemsha na kuipaka nta kabla. Lakini angalia, jamaa wale wanatega kwa leseni na kwa msimu, wengi wanatafuta ngozi wakati wa baridi manyoya yakiwa mazito, na majimbo mengi yanamlazimisha mtu akague mitego yake kila siku. Tena si kila mahali wanaruhusiwa, Uingereza ile mitego ya meno ya kushika mguu ilipigwa marufuku tangu 1958, na nchi za Umoja wa Ulaya zikaacha ya miguu mwaka 1995.

Sasa njoo kwako. Huyo mbweha mwekundu wa kwenye vidio hayuko Uganda. Sisi tuna mbweha wetu, wengine wanamwita bweha, yule mwenye mstari ubavuni ndio yuko sehemu nyingi, mwenye mgongo mweusi yuko kule kaskazini mashariki, na Karamoja pia kuna yule mdogo wa masikio makubwa lakini huyo hata kuku hana shida nao, kazi yake ni mchwa. Na ukiniuliza mimi, hao wanne hawakuuliwa na mbweha. Mbweha akishika kuku anabeba anatoka mbio. Anayeingia ndani, anatafuna shingo huyu, anatafuna yule, anaacha maiti anaondoka na mmoja, mara nyingi ni kanu (yule kama paka mwembamba mwenye madoa), ama kicheche (kale kadogo keusi kenye mistari myeupe), ama mbwa wa jirani ambaye mchana unampa salamu.

Kabla hujamlipa fundi hata shilingi, fanya hivi: jioni chukua jivu la jikoni, mwaga kuzunguka banda lote na mlangoni, pasawazishe na ufagio. Asubuhi soma. Mbwa anaacha alama za kucha mbele ya vidole na utakuta manyoya ya kuku yametapakaa uwanja mzima sababu yeye anakimbiza. Kanu alama yake ni ndogo, ya mviringo kama ya paka, na huyo anapanda, kwa hiyo angalia juu pia, pale bati linapokutana na ukuta. Kicheche utamjua kwa pua kabla ya macho, anatoa harufu mbaya sana. Ngawa, yule wa mwituni anayefanana na kanu, ni mkubwa kidogo, anatembea chini, ana tabia ya kurudi kujisaidia mahali pale pale, basi ukikuta rundo la kinyesi chenye mbegu za matunda na maganda ya jongoo karibu na shamba lako ujue anaishi jirani. Kama ni mayai yanapotea mchana fikiria nguchiro au kenge, na vifaranga vikipotea mchana bila hata unyoya, tazama juu, ni mwewe. Alafu kuna yule wa miguu miwili, huyo haachi damu na komeo utalikuta limefungwa vizuri kabisa.

Kwa nini nakukataza mtego? Ule mtego haujui nani anakanyaga. Utashika ndama, utashika mbwa wako mwenyewe, utashika mtoto anayekatisha kwako kwenda kisimani, na chuma cha fundi wa mtaani hakina kipimo, kinavunja mfupa. Si umesikia habari ya simba Jacob wa hifadhi ya Queen Elizabeth? Mguu wake wa nyuma ulipotea kwa mtego wa majangili mwaka 2020, na huyo ni simba, fikiria mguu wa mtoto wa darasa la pili. Bahati yake aliishi, na 2024 akaonekana anaogelea Mfereji wa Kazinga na ndugu yake Tibu, maji kama kilomita moja na nusu, miguu mitatu. Watu wa UWA, yaani Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na madaktari wa wanyama walihangaika naye sana.

Na sheria iko. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inasema mnyama pori ni wa serikali, kumtega ama kumuua bila kibali ni kosa. Ukiona mnyama anarudi rudi pita kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), akupeleke kwa afisa wa wilaya anayeshughulika na wanyama waharibifu, ama kwa askari wa UWA walio karibu nawe. Ukitaka kuweka hata boksi la kumshika mzima mzima, uliza hao kwanza.

Ile pesa ya fundi ipeleke kwa banda. Waya ya kuku ya kawaida ina matundu makubwa, kanu anajipenyeza na anayechimba anapita chini, kwa hiyo chukua waya ya matundu ya nusu inchi, ifukie chini kama futi moja na uikunje kuelekea nje, akichimba anakutana nayo anachoka. Kama una mbao, inua banda kwa nguzo, kila nguzo uizungushie bati laini, kucha hazishiki hapo. Ziba mwanya wote unaopitisha ngumi ya mtoto. Mlango uwe na komeo, si kamba, na kuku wawe ndani kabla giza halijaingia, watu wengi wanapoteza kuku saa moja jioni wakati bado wanasema ngoja nimalize chai. Na hao wanne waliokufa usiwatupe nyuma ya nyumba, wachome au fukia shimo refu, ukiwaacha pale unamwalika mgeni arudi na wenzake.

SWALI: Daktari mimi niko Kiryandongo, jirani ananiambia nipake nyama sumu ya wadudu niiache porini, bweha akila basi. Ni salama? (Mama Neema)

JIBU: Hapana mama, usithubutu. Nyama ya sumu inaliwa na mbwa wako, inaliwa na tai, tai akifa na wengine wakamla nao wanakufa, na mvua ikinyesha inaingia kisimani. Aprili 2018 kule Hamukungu, ndani ya Queen Elizabeth, walikutwa simba 11 wamekufa wakidhaniwa wamelishwa sumu, 8 kati yao watoto. Jirani mwambie akupe mkono kujenga banda.

SWALI: Huku Moroto bweha anachukua watoto wa mbuzi, hata mchana siku hizi, na haogopi watu. Tufanye nini? (Lokiru)

JIBU: Ndugu Lokiru, wanaozaa usiwapeleke malishoni na kundi, waache karibu na nyumba ndani ya boma la miiba lililoshikana mpaka watoto wapate nguvu ya kukimbia, na usiku mtu alale karibu na boma, awe na mbwa.

Lakini hilo la kutoogopa watu ndio limenishtua. Bweha anayetembea mchana ovyo, anayumba, mate yanamtoka, huyo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimshike hata akiwa amekufa, watoto wakae mbali, toa taarifa kwa daktari wa mifugo wa wilaya leo leo. Mtu aking'atwa ama akilambwa kwenye kidonda, oshea hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka dakika 15, alafu aende hospitali kuchanjwa siku hiyo hiyo, msingoje kuona kama ataugua. Mbuzi aliyeng'atwa mtenge, msimchinje mkala, na mbwa wenu wote wapigwe chanjo.